Neno Lililopita Wayani

Kibanda cha simu kilikuwa Irente, pale mlima unapokatika ghafla. Ukisimama mlangoni unaiona Mazinde yote huko chini kama umeitandaza kwenye mkeka: barabara, reli, mkonge uliopangwa mistari, na mabati ya stoo ya mbao yakimeta juani. Ukigeuka nyuma unaona migongo ya milima, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka upande wa Shume, ilikokuwa kambi ya kukata miti. Shume na Mazinde hawakuweza kusikilizana, mlima umewakalia katikati. Ndiyo maana wenye kiwanda cha mbao walijenga kile kibanda, wakaweka mezani simu za upepo mbili, moja ya kusikia Shume, nyingine ya kusikia Mazinde, na katikati yake wakamkalisha Sheshe binti Athumani.

Kazi haikutaka elimu kubwa. Sheshe alikuwa na darasa la saba lake, na masikio. Shume wakisema, yeye anasikiliza mpaka mwisho, anageukia simu ya pili, anayasema yale yale kwa Mazinde. Mazinde wakijibu, anageuka tena. Maneno yanaingia kwake, yanakaa kichwani kitambo, yanatoka upande wa pili. Na hakuyatoa makavu. Kama aliyesema amekasirika, Sheshe alikasirika. Kama amekohoa katikati, alikohoa.

"Mwambie Januari," Paskali wa Shume alikuwa akisema, "mbao zake nimezikata fupi kama yeye mwenyewe. Ova."

Sheshe akageuka. "Mazinde, Shume wanasema mbao zako wamezikata fupi kama wewe mwenyewe. Ova."

"Mwambie huyo Mngoni, hata huo ufupi wangu umemzidi akili. Ova."

Na Sheshe akageuka tena, bila kucheka, maana akicheka neno linaharibika. Alikuwa akicheka baadaye, peke yake, wakishafunga.

Paskali alikuwa mtu wa Songea aliyefuata kazi ya miti mpaka akazoea baridi ya Shume. Januari ndiye mtunza stoo kule Mazinde, kibonge mmoja wa watu, mwenye sauti ya kupanda. Sheshe hakuwahi kuwaona kwa macho wote wawili. Lakini aliwajua. Alijua Januari akiamka vibaya, alijua Paskali akiwa na mafua kabla Paskali hajajijua. Mambo yote ya kambini na ya stoo yalipitia kwake, na watu wa Irente walizoea kusimama mlangoni pake na kuuliza: lori limetoka? Fulani amepona mguu? Mvua imefika Shume? Sheshe hakuhitaji kuuliza popote. Aliangalia tu kichwani mwake, akajibu.

Kisha akaja Nathanieli.

Nathanieli alikuwa fundi kutoka Tanga, kijana mwenye suruali pana chini na maneno mengi. Alifika na sanduku la vyuma na kipande cha waya mweusi, akazifungua zile simu mbili migongoni, akawa anafanya kazi huku anapiga mluzi.

"Wewe dada," alisema, "unajichosha bure. Maneno yanatoka Shume, yanapanda kichwani kwako, yanashuka tena kichwani kwako, ndiyo yaende Mazinde. Ya nini safari yote hiyo? Tuyafungulie njia yaende yenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe sasa ni bosi. Mtu akiita, unamuuliza anamtaka nani. Unabonyeza swichi hii, unamwachia. Taa nyekundu ikiwaka, ujue wanaongea. Wakimaliza inazimika, na kengele inakugutua. Hapo katikati fanya kazi nyingine, hata ukitaka kusuka nywele."

"Nikitaka kusikia je?"

Nathanieli alicheka. "Habari za misumari zikusaidie nini? Halafu hii spika yako inakula betri kuliko simu zenyewe. Mimi naizima, wa kukuita utamsikia kwenye mkono wa simu. Ukiona umezidiwa na hamu ya misumari, iwashe."

Akaizima. Na tusimwonee Nathanieli, maana waya wake ulifanya kazi vizuri. Paskali na Januari walianza kutupiana maneno uso kwa uso kama tunavyosema, bila kusubiri mtu ageuke na ageuke tena. Jambo lililokuwa likichukua asubuhi nzima likawa linakwisha kabla chai haijapoa. Sheshe mwenyewe koo lilipumzika. Bosi wa kiwanda alipoona mikono yake iko wazi, akamletea gunia la mbegu za misonobari azichambue kwa ajili ya kitalu: unazimwaga kwenye beseni la maji, zilizo tupu zinaelea unazitoa, nzima zinabaki chini. Sheshe akawa anabonyeza swichi kwa mkono uliolowa, anarudi kwenye beseni.

Ila watu waliendelea kuja mlangoni kuuliza, na yeye akaendelea kujibu.

Sasa, huko Shume alikuwako kaka yake Sheshe, Abdi. Na hapa ni lazima tuseme lililompeleka.

Mwaka ule wa mikutano ya vijiji, watu walipokuwa wakiambiwa watafute ardhi ya shamba la pamoja, Abdi alikuwa kijana wa Umoja wa Vijana, shati limenyooshwa, moto kifuani. Kwao walikuwa na bustani ya bondeni, kando ya kijito, ya migomba na magimbi, ambayo baba yao, Mzee Athumani, aliachiwa na baba yake. Mkutanoni mwenyekiti alipouliza nani ataanza, Abdi alisimama. Akasema bustani ya kwao ya bondeni iwe ya kijiji, wao waanze. Watu wakapiga makofi. Wakageuka kumtazama Mzee Athumani, naye akapiga makofi pia, angefanyaje.

Nyumbani alisema maneno machache tu. "Ungeniuliza, ningetoa. Hukuniuliza."

Abdi alijibu kwamba jambo la haki haliombewi ruhusa. Alijibu kwa ujana, na kwa sauti. Kesho yake akabeba godoro lake akaenda kambini Shume, na tangu hapo baba na mwana hawakusemezana. Mama yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo hapakuwa na mtu wa kuwasogeza. Alikuwako Sheshe peke yake, na Sheshe alifanya kwa njia yake. Jioni, akimwekea baba yake chakula, alikuwa akisema kama anayejisemea, "Shume leo baridi kali. Abdi amepewa koti." Mzee aliendelea kula. Lakini siku Sheshe asiposema kitu, mzee alikuwa akizungusha zungusha tonge pale sahanini, hali, mpaka Sheshe akumbuke kusema.

Ndipo ikaja habari kwamba kiwanda kinatoa vijana kwenda kwenye reli mpya ya Zambia, huko kusini, wanaojua kupasua mbao. Abdi alikuwa mmoja wao. Wangeteremka na lori la mbao mpaka Mazinde siku ya Ijumaa, na Mazinde wapande basi. Habari hiyo Sheshe aliipata kwa Paskali mwenyewe, kabla hajamfungulia njia. "Mwambie mzee wenu," Paskali alisema, "kijana anakwenda mbali kweli. Ova."

Sheshe alimwambia. Jumapili jioni, mzee akiwa amempa mgongo, anachochea moto usiohitaji kuchochewa, aliuliza kwa Kishambaa cha nyumbani wanateremka lini.

"Ijumaa, Tate," Sheshe alisema, na moyo ukamruka.

"Basi nitakwenda Mazinde. Nikamtolee maji."

Sheshe hakuthubutu hata kusema vema. Kwao, mtoto akitaka kusafiri mbali na kuna kinyongo nyumbani, mzazi hujaza maji kinywani, akamnyunyizia kifuani, na akasema moyo wake ni mweupe. Hapo imekwisha, hata kama waligombana miaka. Asipofanya hivyo, mtoto anakwenda na uzito, na kila baya litakalompata huko, mzazi atajiuliza. Lakini ni lazima wawe pamoja, mmoja mbele ya mwingine. Hakuna wa kupokea maji kwa niaba yako.

Jumanne mawingu yalikaa chini tangu alfajiri. Simu ya Shume iliita.

"Irente, Irente, hapa Shume. Ova."

"Shume, nakupata. Onga mshi, kaka Paskali. Ova."

"Hedi, hedi. Unaona nimejua Kishambaa sasa, mnihesabu mwenzenu. Nipe Mazinde, dada. Ova."

"Mchukue."

Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Sheshe akarudi kwenye beseni lake, akazitoa zilizoelea, akazikung'uta nje mlangoni. Aliporudi taa ilikuwa bado inawaka. Leo wana maneno, alijisemea. Bila shaka Januari amekosewa vipimo tena. Alifikiri kidogo kuwasha spika asikie wakitukanana, acheke. Mikono ilikuwa na maji. Akaacha. Mwishowe taa ikazimika, kengele ikalia, akaendelea.

Jioni ile mzee alimwuliza. Alikuwa amekwisha kuomba kanzu ipigwe pasi.

"Bado ni Ijumaa?"

"Bado Ijumaa, Tate."

"Na mvua hii?"

"Lingebadilika ningesikia," alisema Sheshe. "Neno gani linatoka Shume nisilijue mimi?"

Alilisema kwa kujivuna kidogo, na mzee akatabasamu, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi.

Ruhusa ya Ijumaa aliipata bila taabu. Bosi alisema, "Nenda zako, mashine siku hizi zinajiendesha." Wakaondoka na giza la asubuhi, wakashika njia ya miguu inayoshuka jabalini kwenda Mazinde, mzee na fimbo yake mbele, Sheshe nyuma na kikapu cha ndizi mbivu na gimbi la kuchemsha la kaka yake. Njia iliteleza. Goti la mzee lilikuwa bovu, na mara mbili tatu ilibidi akae juu ya jiwe alinyooshe. Sheshe akamwambia wangepita Mombo kwa basi.

"Basi linachelewa," alisema mzee. "Tukimkuta ameshafika, atafikiri tulisitasita."

Na alipokuwa amekaa pale kwenye jiwe, akasema tena, bila kuulizwa: "Alisimama vizuri siku ile. Mkutanoni. Babu yake ndivyo alivyokuwa akisimama."

Walifika Mazinde jua limeshapanda na joto limewalowesha. Stoo ya mbao ilijulikana kwa harufu. Mlangoni alikuwako mtu mfupi, mnene, na alipofungua kinywa tu Sheshe akamtambua.

"Shikamoo, mzee. Karibuni. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba. Mimi ni Athumani wa Irente. Huyu binti yangu."

"Sheshe!" Januari alipiga makofi. "Ndiye wewe? Kumbe mtu mwenyewe ni mwembamba hivi! Na ile sauti yote unaiweka wapi?" Kisha uso wake ukabadilika, akawatazama, mmoja na mwingine, akatazama kikapu. "Lakini mbona mmekuja leo?"

"Si lori linashuka leo?" alisema Sheshe.

"Lori gani? Lori lilishuka Jumatano. Waliogopa mvua isije ikakata barabara, wakawahi. Wewe si unajua?"

Sheshe alisema hapana, hajui. Alisema polepole, kama mtu anayeulizwa jina lake akakuta amelisahau.

"Unajua bwana!" Januari aliendelea, na sasa alikuwa kama anayembembeleza. "Si alikuambia mwenyewe? Jumanne, kwenye simu. Paskali alimaliza habari za lori, akampa Abdi kipaza sauti. Nilikuwapo mimi upande huu, nimesikia kwa masikio yangu. Akasema, Sheshe, najua upo hapo. Mwambie Tate tunateremka kesho, si Ijumaa tena. Nitamsubiri kwa Januari. Akija nitafurahi, asipokuja sitamlaumu. Ndivyo alivyosema. Akanyamaza, akangoja uitikie. Akauliza, mbona kimya? Mimi nikamwambia, huyo siku hizi haitikii, lakini anasikia. Si ndiye wa katikati?"

Nyuma ya stoo msumeno ulikuwa unalia, ukanyamaza, ukalia tena.

"Nilijua umesikia," alisema Januari. "Sote tulijua umesikia. Ningedhani hujasikia, ningekuita nikuambie, kazi yake nini? Kubonyeza tu."

"Nilikuwa nimezima spika," alisema Sheshe.

Alitaka kueleza: betri, fundi, mbegu, mikono ya maji. Kila moja lilikuwa kweli, na kila alipolifikisha mdomoni aliliona halifai. Lililofaa ni lile moja aliloliona jikoni Jumanne, baba yake akitabasamu kwa sababu binti yake hapitwi na neno. Siku ile angesema tu sijui. Angesema, Tate, ngoja kesho nikamwulize Paskali. Lakini alichungulia kichwani mwake kama alivyozoea, akakuta Ijumaa bado iko pale pale alipoiweka, akamkabidhi.

"Alikaa hapa?" aliuliza mzee.

"Alikaa, mzee. Pale, juu ya magogo yale. Wenzake walipanda basi la mchana, yeye akaliacha lipite. Akaacha na la pili. Kila mtu akitokea njia ya mlimani anasimama. La mwisho ndilo akapanda, maana kule wangemfuta kazi."

"Alisema nini akipanda?"

Januari alijikuna shingo. "Alisema, haya, nimeshajibiwa."

Mzee Athumani alitikisa kichwa taratibu. Hakumtazama Sheshe. Laiti angemtazama, laiti angemfokea pale pale mbele ya wapasua mbao, Sheshe angepata mahali pa kujishika. Badala yake aliomba maji. Januari akakimbia ndani, akaja na kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni, akafurahi kwamba kuna kitu anachoweza kutoa.

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Akatoka nacho mpaka kando ya barabara, akasimama akielekea Mombo, upande basi lilikokwenda. Akapiga funda moja kubwa, mashavu yakajaa. Akabaki hivyo.

Sheshe alimfahamu. Januari hakufahamu, alisimama mlangoni akitabasamu, akidhani mzee ameshikwa na kiu ya mteremko. Malori mawili yalipita yakimwaga vumbi. Mtu mmoja wa baiskeli akamsalimu, "Shikamoo, mzee," na mzee hakuweza kuitikia kwa sababu kinywa kimejaa, yule mtu akaenda zake akigeuka geuka nyuma kwa kushangaa. Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka, na hapakuwa na mtu juu yake wa kunyunyiziwa.

Kisha koo la mzee likacheza. Akayameza.

Akarudisha kikombe, akashukuru, akamwambia Januari zile ndizi ni zake yeye na vijana wake. Kwenda juu kwa miguu goti lisingekubali, kwa hiyo walingoja basi la Mombo, na Mombo wakangoja la Lushoto. Basi lilipoanza kupanda, Sheshe akasema:

"Tate, kesho nitakwenda posta. Kuna simu za mbali siku hizi, wanakuunganisha mpaka Dar es Salaam, pengine na huko kwenye reli. Tutampata, utasema naye mwenyewe."

"Niseme naye nini?"

"Umwambie ulikuja."

"Utamwambia wewe," alisema mzee. "Maneno mimi na yeye tulishayatumia. Mimi sikuwa nimemletea maneno."

Lakini hakukasirika. Alikuwa ameshika fimbo kati ya magoti, anatikisika na basi, na baada ya kona kadhaa akamgeukia, mara ya kwanza tangu stoo.

"Alisema hatanilaumu."

"Ndiyo, Tate. Ndivyo Januari anavyosema."

"Alisemaje? Kwa kununa, au kwa uzuri?"

Sheshe alifungua kinywa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akimletea baba yake sauti za watu pamoja na maneno yao; mzee alizoea hivyo, akauliza kama anavyoulizwa mtu kitu kilichomo kikapuni mwake. Akajaribu kumsikia Abdi akilisema: sitamlaumu. Akamsikia kwa kununa. Akamsikia kwa uzuri. Zote mbili zilikuwa ni yeye mwenyewe anazitunga.

"Sijui, Tate," alisema. "Sikumsikia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha. Kondakta akapita katikati ya viti akigonga bati la dari, akiuliza nani wa Soni, kuna mtu wa Soni hapa, na ukungu ukaanza kuingia ndani ya basi.